Nyumba Iliyokataa Kunyanyuka

Hii nimetumiwa na shemeji yangu leo asubuhi, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshaisoma mara mbili. Naipitisha kwenu kama nilivyoipokea. Ni ndefu kidogo, lakini ivumilieni.

Katika kisiwa cha Sulawesi, huko Indonesia, palikuwa na kijiji kidogo kando ya mto. Nyumba zake zilikuwa za mbao, juu ya nguzo ndefu, mbuzi wakilala chini na watu wakikaa juu. Nguzo zenyewe hazikuchimbiwa ardhini. Zilisimamishwa tu juu ya mawe bapa. Mgeni akiona hushangaa, lakini wenyeji wana sababu zao. Huko mtu akihama hahami na mizigo peke yake, anahama na nyumba yenyewe. Wanaume hufunga mianzi mirefu kwenye nguzo, wakaingiza mabega chini yake, na nyumba nzima ikatembea kwa miguu ya watu kama jongoo.

Kazi hiyo hufanywa Ijumaa baada ya swala. Halipwi mtu. Mwenye nyumba hupika, watu wakala, wakaagana.

Katika kijiji hicho aliishi mtu aliyeitwa Pak Tahang. Hiyo "Pak" ni heshima tu, kama sisi tunavyomwita mtu mzima "mzee"; mwanamke huitwa "Bu". Pak Tahang alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane ugenini, kwenye mashamba ya michikichi, akarudi na vitu ambavyo kijiji kilikuwa hakijaviona vyote katika nyumba moja: friji, makabati mawili ya mbao nzito, cherehani, na sahani za kaure dazeni sita zenye maua ya buluu.

Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Shida yake ni kwamba kule ugenini aliibiwa mara tatu, tena na watu aliokuwa akila nao sahani moja. Na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Aliporudi alitia nondo madirishani na makufuli matatu mlangoni, katika kijiji ambacho mlango hufungwa kwa kamba ili kuku wasiingie. Watu walicheka chini chini, wakamwacha.

Kisha akakaa siku nzima na kopo la rangi nyekundu, akitia alama ndogo chini ya kila sahani. Mkewe, Bu Hasnah, alimtazama mpaka akachoka.

"Alama za nini, baba watoto?"

"Sahani ikipotea, nitaijua popote nitakapoikuta."

"Na nani wa kuichukua hapa?"

"Hilo ndilo nitakalolijua."

Mwaka ule mvua zilikuja na hasira. Mto ukaanza kula ukingo, wiki hii hatua tatu, wiki ijayo nne, mpaka kati ya maji na nyumba ya Pak Tahang zikabaki hatua kumi na mbili. Mkuu wa kijiji, Pak Beddu, akaenda kumwona.

"Tahang, nyumba yako ihame Ijumaa hii. Ukingoja Ijumaa ya pili hutakuwa na nyumba ya kuhamisha."

Pak Tahang alikubali, na hofu ilimkaa kifuani. Nyumba ile ilikuwa miaka yake kumi na minane. Ikienda na maji, hakuwa na nguvu wala akiba ya kujenga nyingine.

Ila kuna jambo moja. Kabla nyumba haijabebwa, desturi ni kutoa vitu vyote, vikapangwa nje juu ya mikeka, kila mtu akipita anaviona. Hapo ndipo moyo wa Pak Tahang ulipogoma. Kila alipofikiria kijiji kizima kikishikashika mali yake, alikosa raha. Alhamisi akamwambia mkewe azungushie sahani nguo na afunge makabati kwa kamba.

"Kila kitu kinabaki ndani," alisema. "Nami nitafunga mlango."

"Nyumba itakuwa nzito."

"Watu ni wengi."

Ijumaa walikuja wanaume zaidi ya sitini. Wengine walitoka msikitini moja kwa moja, wakakunja saruni zao hadi magotini. Mianzi ilifungwa, mabega yakaingia, Pak Beddu akasoma bismillahi na kuhesabu mpaka tatu.

Nyumba ililia, haikutoka mahali pake.

Wakapumua, wakajaribu tena. Upande mmoja uliinuka kiasi cha kiganja, mwanzi mmoja ukapasuka, upande ule ukarudi chini kwa kishindo. Na kutoka ndani, sahani zikagongana. Kila mtu alisikia. Wengine walitazama miguu yao. Wakati huohuo kipande cha ukingo kilikatika na mgomba wake, kikaingia mtoni mbele ya macho yao.

Pak Beddu alimsogelea Pak Tahang, akasema kwa sauti ya chini ili asimwaibishe.

"Ndani mna nini?"

"Vitu vyangu."

"Vyote?"

"Vyote."

"Tahang, hawa ni watoto wa watu. Sitawaambia wainue mara ya tatu, mtu atavunjika mgongo. Tukibeba nyumba, vitu vishuke. Vikibaki, basi tunakwenda nyumbani, na mto utavichukua pamoja na nyumba. Funguo unazo wewe."

Pak Tahang alipanda ngazi. Kufuli la pili lilimchukua muda mrefu kuliko la kwanza na la tatu pamoja. Mlango ulipofunguka, watu walijipanga kwenye ngazi na vitu vikaanza kushuka mkono kwa mkono.

Matone makubwa ya mvua yakaanza kuanguka, na mikeka haikuwa na maana tena. Kila aliyekuwa ameshika kitu alikimbia nacho kwake. Friji ilikwenda huku na watu wanne, makabati yakaenda kule, sahani zikapotelea kwenye kanga za akina mama. Kufumba na kufumbua mali yote ya Pak Tahang ilikuwa imetawanyika katika nyumba arobaini, na hakujua nani ana nini. Alijiona amekwisha.

Lakini nyumba iliinuka. Waliibeba katika mvua, matope hadi mashavu ya miguu, wakapita nayo nyuma ya msikiti, wakaipandisha mlimani hatua mia mbili. Pak Tahang mwenyewe alikuwa chini ya mwanzi, amebanwa kati ya watu wawili ambao tangu arudi hakuwahi kuwakaribisha hata kwa maji. Waliiweka juu ya mawe yake mapya wakati wa alasiri. Kabla ya magharibi, pale ilipokuwa imesimama palikuwa maji matupu.

Watu walikwenda kubadili nguo. Pak Tahang alibaki ndani ya vyumba vitupu.

"Nyumba imepona," mkewe alimwambia.

"Kuta zimepona," alijibu. "Vitu tumeviaga."

Asubuhi yake walikuja.

Friji ndiyo iliyotangulia, imefutwa ikakauka. Pak Tahang akaifungua, akakuta samaki wawili wakubwa na fungu la ndizi.

"Hivi si vyangu," alimwambia mzee aliyeileta.

"Najua. Friji yako ililala kwangu. Mgeni wangu haondoki mikono mitupu."

Ikaja cherehani, imetiwa mafuta. Yakaja makabati. Sufuria ikaja na wali wa nazi ndani, bado wa moto. Bu Hasnah hakujua apokee au alie, akafanya yote mawili. Mpaka saa nne hapakuwa na kilichopungua isipokuwa sahani.

Ndipo alipofika Nenek Rannu, bibi wa nyumba ya tatu, na wajukuu zake watatu wamebeba masinia. Sahani zote zilikuwa humo, zimekusanywa kwa akina mama na kuoshwa. Bibi aliketi, akachukua moja, akaigeuza ili alama nyekundu ionekane. Pak Tahang akatamani ardhi ipasuke.

"Tahang, mwanangu," bibi alisema, "jana nilipokuwa nikiosha matope niliona alama hizi. Nikatazama nyingine, nikaona zote zinazo. Nikawaita majirani waje waone."

Pak Tahang aliinamisha kichwa.

"Tulifurahi sana," bibi akaendelea. "Tulikuwa tunadhani hutaki mambo ya watu. Kumbe umezitia alama."

Hapo inabidi niwaeleze. Katika kijiji kile, sahani ya kukaa kabatini haitiwi alama, maana haiendi popote. Anayetia alama ni yule anayekusudia kuazima sahani zake kwa harusi na misiba, ili zikichanganyika na za wengine zijue njia ya kurudi. Kila mtoto wa pale analijua hilo. Pak Tahang naye alilijua zamani, ugenini likamtoka.

"Mjukuu wangu anaolewa mwezi huu," bibi alisema. "Niliona haya kuja kukuomba. Kumbe ulishatuwazia siku nyingi."

Bu Hasnah alimtazama mumewe. Ilikuwa rahisi kuitikia tu, na heshima yake ingebaki palepale.

"Nenek," Pak Tahang alisema, "sikuzitia alama kwa hilo. Nilitaka kumjua mwizi."

Wajukuu walitazamana. Bibi aliigeuza ile sahani mara moja, mara mbili, akaiweka juu ya nyingine.

"Mwizi hukumpata," alisema. "Basi na harusi usiikose. Nipe arobaini."

Pak Tahang alicheka, na kicheko kikageuka machozi, mtu mzima mbele ya watoto. Alisema asante. Alishuka ngazi, akaenda nyumba kwa nyumba akisema asante, na nyumba zilikuwa arobaini, kwa hiyo alirudi jioni amechoka na amekunywa chai nyingi kuliko inavyofaa kwa afya.

Siku ya harusi alizibeba sahani mwenyewe, na baada ya chakula alikunja mikono akaziosha pamoja na akina mama. Mmoja alimtania, akamwambia mwenye mali hakai kwenye karai la vyombo.

"Niache nioshe," alijibu. "Nimeweka makufuli matatu kuwazuia watu walionibebea nyumba."

Tumpelekee jirani hadithi hii, hasa yule ambaye hatujasalimiana naye tangu Idi.

Funzo: Ukimfungia jirani mlango, mzigo wako utaubeba peke yako, lakini ukimfungulia atakubebea hata nyumba; basi mshukuru mapema, kabla mto haujafika.