Vuai na Akiba Isiyooza

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko miji ya kutawala, palikuwa na mji uitwao Pongwa, na Sultani wake aliitwa Badawi. Sultani huyu alikuwa tajiri, lakini mkono wake ulikuwa wa birika. Mwenyewe hakupenda kuitwa bahili. Alipenda kuitwa mwangalifu, na watu wa baraza lake, ambao walipenda kuishi, wakamwita mwangalifu.

Chai ya jumba lake ilitiwa kipande kimoja cha tangawizi kilichofungwa uzi. Asubuhi kilichovywa katika buli, mchana kikaanikwa dirishani, jioni kikachovywa tena, na kilikuwa kikitumika tangu enzi za baba yake. Askari wa lango walipewa kiatu kimoja kimoja, kwa kuwa Sultani aliona kwamba mtu akisimama, mguu mmoja hubeba na wa pili hupumzika, na mguu unaopumzika hauhitaji kiatu.

Tena kila adhuhuri alitoka kuwafundisha raia kubana matumizi. Aliingia nyumba yoyote aliyoiona ikitoa moshi, akafunua chungu kwa mkono wake, akaonja. Hata ikawa sheria: kila chakula kifunuliwapo mbele ya Sultani, tonge la kwanza ni lake, apate kujua kama wenye nyumba wanapika kwa kiasi. Na tonge la Sultani Badawi, msinicheke, lilikuwa nusu ya chungu. Akishameza hunena, "Chakula hiki kilikuwa kingi mno," na kweli, kilichobaki hakikuwa kingi.

Basi siku moja mbiu ya mgambo ikalia, na Waziri Msellem akasimama barazani akatangaza kwamba tangu siku ile kila nyumba italeta theluthi ya chakula chake kwenye ghala la Sultani, iwe akiba ya mji. Ghala lilikuwa chini ya chumba cha kulala cha Sultani mwenyewe, maana alitaka kuilalia akiba kama kuku anavyolalia mayai. Atakayekosa kuleta, nyumba yake itabomolewa, na miti yake ya kujengea iingie ghalani, kwani miti nayo ni akiba. Na kitakachoingia hakitatoka. "Akiba ikitoka si akiba tena," alinena Sultani.

Palikuwa na mtu mmoja barazani, Mwinyi Sadala, mwenye shamba la mihogo. Akauliza kwa adabu, "Bwana wangu, na sisi wa mihogo? Muhogo ukishachimbwa, siku ya nne ni wa kutupa."

Sultani akakunja uso. "Sadala, hukulelewa? Hukufundishwa kwamba akiba haiozi?"

"Nimefundishwa, Bwana, lakini muhogo haukufundishwa."

Watu wakataka kucheka wakajizuia. Sultani akaghadhibika, akaamuru nyumba ya Mwinyi Sadala ivunjwe jioni ile ile. Kisha akaongeza sheria juu ya sheria: "Akiba haiozi. Hilo ni neno langu. Mtu yeyote atakayesema akiba imeoza, au kuonyesha hivyo kwa kuziba pua, nyumba yake itakuwa si yake." Waziri akaandika, muhuri ukapigwa, na Mwinyi Sadala akaenda kulala kwa shemeji yake.

Sasa, katika mji huo alikuwapo mtu jina lake Vuai, na kazi yake ilikuwa kupara samaki sokoni. Alikaa juu ya kigoda chake na kisu butu, magamba yakimrukia mpaka kwenye nyusi, na ujira wake haukuwa fedha; alilipwa vichwa na matumbo. Hivyo ndivyo alivyobeba nyumbani kila siku kwa mkewe, Bi Mize, naye Bi Mize alijua kupika mchuzi wa kichwa cha samaki hata jirani akameza mate. Kilichoingia nyumbani asubuhi kililiwa mchana. Cha kuweka hakikuwapo.

Wakaguzi wakaja, wakatazama juu ya dari, wakatazama chini ya kitanda, wasione kitu. Vuai akapelekwa mbele ya Sultani.

"Ewe Vuai," akanena Sultani, "akiba yako iko wapi?"

"Iko tumboni, Bwana wangu."

"Tumbo si ghala. Nakupa siku saba. Kila siku utaleta theluthi ya kapu lako, na siku ya nane nitakagua kwa macho yangu. Siku moja ikipungua, nyumba yako nitaibomoa."

Vuai akaifikiria nyumba yake. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, udongo alikanda yeye, makuti alisuka Bi Mize, na hawakuwa na shemeji wa kwenda kulala kwake. Akainama akasema, "Amri ni yako, Bwana. Lakini mimi maskini kapu langu ni la samaki. Akiba ya samaki nayo haiozi?"

"Akiba ni akiba," akajibu Sultani.

"Hata matumbo yake?"

"Vuai, unanijaribu?"

"Sithubutu, Bwana. Nauliza kwa kuwa mimi ni mjinga, na mjinga akielewa huelewa daima. Basi nakuomba kapu langu ulitie muhuri wako, asije mtu akasema ni takataka ya sokoni."

Sultani akapendezwa. Kwa siku nyingi hakuna aliyekuwa ameomba muhuri wake kwa hiari. Akaupiga mwenyewe kwenye mkono wa kapu.

Vuai akarudi nyumbani akamweleza mkewe. Bi Mize akaacha kupuliza moto. "Mume wangu, umepara samaki miaka ishirini. Umewahi kuona samaki asiyeoza?"

"Sijawahi," akasema Vuai. "Na mimi namngojea kwa hamu."

Siku ya kwanza Vuai akagawa kapu lake kwa haki, sehemu tatu. Mbili zikabaki za vichwa, na ile theluthi ya Sultani ikawa ya matumbo, ya papa na ya taa, pamoja na nyongo zake. Akaipeleka ghalani, askari mwenye kiatu kimoja akampokea, ikaingizwa katika lile kapu lenye muhuri. Siku ya pili akafanya hivyo hivyo. Nao ulikuwa msimu wa kaskazi, jua linawaka hata mbuzi anatafuta kivuli cha mbuzi mwenzake.

Siku ya tatu alipofika, alimkuta askari amesimama upande ule ambao upepo unatoka. Siku ya nne paka wa mji mzima walikuwa wamekusanyika mlangoni, wamekaa kwa adabu kama wanaongojea biriani ya arusi. Siku ya tano hata paka walikuwa wameondoka.

Siku hiyo ya tano Vuai akapita barazani na theluthi yake ya siku, akaona mambo. Waziri Msellem alikuwa akisoma barua huku machozi yakimtiririka mpaka ndevuni. Mjumbe mmoja alikuwa ameinamisha uso ndani ya kanzu yake, akasema anatafuta kifungo. Nzi walikuwa wamejaa hata juu ya kilemba cha Sultani, na hakuna aliyethubutu kuwafukuza, kwani kufukuza nzi ni kukiri kwamba wana sababu ya kuja.

Sultani akamgeukia Waziri wake kwa sauti ya kinyonge. "Msellem, husikii?"

"Nasikia, Bwana wangu."

"Unasikia nini?"

Waziri akatega sikio. "Nasikia jogoo anawika, Bwana."

"Zaidi ya jogoo."

"Nasikia na mtetea, Bwana."

"Kwa pua, Msellem. Kwa pua unasikia nini?"

"Kwa pua, Bwana wangu, nasikia neno lako, kwamba akiba haiozi."

Sultani akamwacha. Neno lilikuwa lake na muhuri ulikuwa wake. Usiku wa sita akalala juu ya paa, akatangaza asubuhi kwamba alikuwa akihesabu nyota, na wake zake wote wakawa wamepanda kumsaidia kuhesabu. Vuai alipopata habari hizo hakucheka sana, kwa kuwa aliogopa. Mtu aliyekosa usingizi huwa hana huruma, na mtu huyu alikuwa na jeshi.

Siku ya saba Sultani akamwita kando. "Vuai, nimekuhurumia. Chukua kapu lako uende zako."

"Bwana wangu, limefanya kosa gani?"

"Halijafanya kosa."

"Limeharibika?"

"Halijaharibika," akasema Sultani.

"Basi siwezi kulichukua. Nikilitoa si akiba tena, na kesho ndiyo siku ya ukaguzi. Utaniuliza akiba yangu iko wapi. Mimi nina nyumba moja tu, Bwana."

Ndipo Sultani akaenda akafikiri, na kwa kuwa hakuwa mpumbavu ila alikuwa bahili, akapata hila.

Siku ya nane watu wakajaa barazani. Walikuja wenye njaa, na walikuwa wengi, maana mchele wao ulikuwa ghalani na matumbo yao yalikuwa nyumbani. Bi Mize alisimama nyuma kabisa, ameshika nguzo. Kapu likaletwa na askari wanne, kila mmoja ametazama upande wake wa dunia. Likawekwa katikati, na watu wa safu ya mbele wakagundua kwamba walikuwa na shughuli safu ya nyuma.

Sultani akanena, "Enyi watu wa Pongwa, nimekagua, na akiba ya Vuai imetimia. Nyumba yake ni salama. Ila akiba huwekwa ili iliwe, nami nataka mji uone kwamba neno langu ni kweli. Haya, Vuai, fungua kapu lako. Ule mbele yetu, na ukishiba umshukuru Mungu. Ukikataa umesema imeoza, na nyumba yako si yako."

Bi Mize akafumba macho. Vuai hakuwa amelitazamia jambo hili. Akapiga magoti kando ya kapu, akaliangalia, akawaangalia watu, akamwangalia Sultani aliyekuwa amekaa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu juma lile lianze. Kisha akafungua kamba.

Mimi sikuwapo, lakini walioniambia wanasema kwamba kunguru waliokuwa juu ya ngome waliruka wote kwa pamoja na hawakurudi Pongwa mpaka mvua za masika. Mzee mmoja wa baraza akalala chali, akasema amekumbuka kwamba amechoka.

Vuai akaosha mikono kwa maji ya kata, akaikung'uta. Kisha akalisukuma lile kapu taratibu mpaka miguuni pa Sultani.

"Karibu, Bwana wangu," akasema.

"Karibu nini?"

"Chakula kimefunuliwa mbele yako, na sheria ya Pongwa ni kwamba tonge la kwanza ni lako. Mimi ni nani nikutangulie? Nasi sote twalijua tonge lako, Bwana, ni nusu. Ukishakula, mimi nitakula nusu yangu mpaka mwisho, wallahi sibakishi."

Tabasamu la Sultani likaondoka. Akamtazama Waziri, Waziri alikuwa anasikiliza jogoo. Akawatazama watu, watu walimtazama yeye, na hakuna hata mmoja aliyepepesa macho. Akanyoosha mkono. Mkono ukafika ukingoni mwa kapu, ukasimama. Akajaribu mara ya pili, safari hii kwa kidole kimoja tu. Kikaingia, kikatoka, na Sultani Badawi akarudi nyuma mpaka kiti kikaanguka, akasema kwa sauti iliyosikika hadi sokoni:

"Imeoza!"

Hakuna aliyepumua, kwa sababu mbili, harufu na neno. Neno lilikuwa limetoka, na sheria ilikuwa wazi: aliyelisema, nyumba yake si yake. Mwinyi Sadala, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akafumbua mdomo. Askari wakashika mikuki bila kujua wamwelekezee nani. Uso wa Sultani ukawa wa majivu.

Vuai akaliona jumba lile lenye ghorofa mbili, akajua kwamba kwa wakati ule lilikuwa si la Sultani. Akajua pia kwamba likikaa hivyo hadi jioni, kichwa chake mwenyewe hakitakuwa chake hadi asubuhi. Akajikuna sikio.

"Bwana wangu unisamehe," akanena. "Mtu aliyepara samaki miaka ishirini, pua yake hufa, na masikio yangu nayo yamejaa magamba. Sikusikia vizuri. Nadhani Bwana amesema akiba *imetosha*."

Sultani akalikamata lile neno kwa mikono miwili.

"Ndivyo nilivyosema," akanena. "Imetosha."

"Wangapi wamesikia?" akauliza Vuai, akiwageukia watu.

"Imetosha!" wakaitikia wote, na wenye njaa ndio waliopaza sauti.

"Basi kama imetosha, Bwana, kila mtu si achukue chake?"

Sultani akamwangalia yule mpara samaki aliyepiga magoti mbele yake, magamba bado yako kwenye nyusi, na jambo fulani likamtekenya ndani. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, kisha akavua ufunguo shingoni akamtupia Waziri. Ghala likafunguliwa siku ile ile. Watu wakachukua mchele na mtama na chumvi yao, Mwinyi Sadala akachukua miti yake, na lile kapu likazikwa na askari kumi nje ya mji, likiwa na muhuri wake.

Vuai, aliyekuwa ameitwa ndani na Sultani watu walipotawanyika, akarudi nyumbani jioni, mikono mitupu. Bi Mize alikuwa ametangulia mbio kuwasha moto, kwani majirani walikuwa wamemletea mchele, kila mmoja kibaba, hata akakosa chombo cha kutilia.

"Majirani wanasema Sultani alikuita ndani mlipobaki wawili," akamwambia. "Amekupa nini?"

"Amenipa nyumba."

Bi Mize akaacha mwiko hewani. "Ya wapi?"

"Hii hii," akasema Vuai, akaketi.

Bi Mize akayatazama makuti aliyoyasuka mwenyewe na ukuta wenye alama za vidole vya mumewe. Akatazama kwa muda, kisha akampakulia, na safari hii hakupunguza. Wakala wakashiba, mlango ukiwa wazi. Hekaya yangu imeishia jikoni kwao. Mwenye njaa na apige hodi.