Mvua ya Kwenye Chupa

Ua lilijifunga kwanza, mvua ikafuata. Hilo ndilo jambo dogo aliloliona yule binti asubuhi ile, siku ya tisa ya kungoja, akiwa amelala kifudifudi kwenye matope ng'ambo ya mto: ua la zambarau, dogo kama kifungo cha shati, lilikunja petali zake wakati anga ingali kavu. Akaivalisha kamera mfuko wa plastiki, akaukaza kwa mpira kwenye shingo ya lenzi, akangoja. Matone ya kwanza yalipoligusa ua, akabonyeza mara moja tu.

Watu walimwita Konokono, kwa sababu mvua ikinyesha yeye hutoka, na mtu akimsemesha yeye hujificha. Alikuwa ameacha shule akiwa darasa la tano, akaja kukaa kwa kaka yake, mwenye studio ya picha karibu na stendi. Kazi yake ilikuwa kufagia, kushika taa na kukata picha za pasipoti. Lakini kila msimu wa kuchipua ulipofika, aliomba ile kamera kuukuu, akaenda kupiga picha vilima vilivyovaa kijani kibichi na machipukizi yaliyopasua udongo.

"Wenzako wanapiga picha maharusi, wewe unapiga magugu," kaka yake alizoea kumtania. "Hayo magugu yana faida gani, Kono?"

"Hayalalamiki kwamba yametoka vibaya," alijibu kwa sauti ndogo. Kaka alicheka mpaka akakohoa. Kumbe Konokono naye ana mdomo.

Mwaka huo likabandikwa tangazo la shindano. Zilitakiwa picha za mimea ndani ya mvua halisi, mimea ambayo haikuguswa na mkono wa mtu. Mshindi angeajiriwa mwaka mzima kupiga picha za kitabu cha mimea. Binti alilisoma tangazo lile mara tatu, akifuata maneno kwa kidole. Hakuwahi kutaka kitu namna ile. Hata chakula kilimshinda.

Tatizo lilikuwa fomu. Mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku, akaona haya.

"Nijazie, kaka," alisema.

Kaka akajaza. Palipoandikwa mpiga picha, akaandika jina lake mwenyewe.

"Jina langu linajulikana," alisema bila kumtazama. "Nikishinda mimi, si tumeshinda sote? Damu ni nzito kuliko maji."

Binti akarudi kukata picha za pasipoti. Alijipa moyo kwamba kazi yenyewe ataifanya yeye, jina na libaki la kaka.

Picha ya lile ua ikaingia fainali. Siku ya hukumu kaka aliketi mbele, suti imenyooka kama ubao. Binti akaketi safu ya mwisho. Jaji mkuu, mama mtu mzima aliyefundisha elimu ya mimea maisha yake yote, alisimama mbele ya picha akavua miwani.

"Picha hii imenikosesha usemi," alisema. "Hebu tueleze, mwanangu, uliipataje?"

Kaka hakuwahi kulowa kwa ajili ya ua. Alichokijua ni cha studioni, ambako maua ya maharusi hunyunyiziwa maji yapate kung'aa. Kanuni za shindano hakuzisoma. Alijaza nafasi tu. Basi akatabasamu kama fundi anayetoa siri ya kazi.

"Mama, mvua haina adabu, huwezi kuiamrisha. Mimi natumia chupa ya kunyunyizia. Unapuliza mara mbili, unapiga, kazi kwisha."

Jaji akamgeukia.

"Umesema chupa?"

"Chupa tu, mama. Kama ile ya kupigia pasi."

Jaji alivaa miwani yake polepole. "Basi umejifunga kwa ulimi wako mwenyewe."

Picha ikashushwa ukutani mbele ya kadamnasi. Studio ikafungiwa isishiriki tena, pamoja na kila mtu afanyaye kazi chini ya paa lake.

"Kuna mwenye neno?" jaji aliuliza.

Binti alifungua kinywa. Kuitetea picha kulikuwa ni kumvua nguo kaka yake mbele za watu. Akakifunga.

Studioni, kaka alitupa koti juu ya kiti cha wateja. "Ungeniambia kwamba hukunyunyiza."

"Hukuniuliza."

"Kesho mji mzima utasema hata picha zangu za pasipoti ni za uongo."

"Na mimi je?"

"Wewe umepoteza nini? Jina lililochafuka ni langu."

Binti aliweka makasi mezani. Sauti ilimtoka ndogo kama siku zote, ila safari hii haikurudi ndani.

"Siku tisa nimelala kifudifudi kwenye maji, kaka. Kazi ile ilikuwa yangu, ukaniibia, halafu ukaichoma moto. Nami nilinyamaza kwa sababu nakula kwako. Nimekuogopa miaka yote, na leo nimekuchukia."

Kaka akaliokota koti lake kitini. Janga alilichuma peke yake, lakini sahani zilikuwa mbili. Kweli, mchuma janga hula na wa kwao.