Nyumba ya Bi Nyamizi

Hapo zamani, Tabora ilipokuwa bado ikiamshwa na king'ora cha reli, palikuwa na muuza vitumbua aitwaye Bi Nyamizi. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kiwanja alichoachiwa na mama yake, na hamu ya kujenga nyumba ya kupangisha, ili mikono ikichoka asije akaomba chumvi kwa jirani.

Akaenda benki kuomba mkopo. Karani akamuuliza, "Mama, mshahara wako unapitia wapi?"

"Unapitia kwenye kikaango, baba."

Karani akatabasamu, akamrudisha kwa adabu.

Akamweleza shoga yake, Bi Chausiku, aliyecheza naye upatu. Zamu ya kupokea ilikuwa ya Chausiku, naye alitaka kukarabati kibanda chake kabla ya masika. Akafikiri kidogo, akasema, "Pokea wewe, shoga. Mimi nitangoja." Masika yakamkuta anangoja, kibanda kikaanguka. Baadaye Nyamizi alimrudishia fedha kidogo kidogo, lakini kibanda hakikusimama tena. Chausiku akawa mpangaji wa watu.

Upatu ukatosha matofali na saruji, haukutosha ujira. Fundi Maganga akasema, "Nitajenga. Utanilipa nyumba ikianza kuzaa." Mafundi wenzake wakamcheka. Akajenga. Siku moja jukwaa likakatika, akaanguka, na tangu hapo akawa anachechemea.

Kuta zikasimama, bati hakuna. Akapita kijana wa reli, Lameck, mgeni kutoka Kigoma.

"Mama, chumba kinapangishwa?"

"Hakijaezekwa, mwanangu."

"Basi pokea kodi ya mwaka mzima, ununue bati. Nitalala kwa rafiki mpaka kiwe tayari."

Hakudai hata shahidi.

Chumba cha kwanza kikazaa cha pili, cha pili kikasaidia cha tatu. Maganga akalipwa ujira wake. Ikawa nyumba nzima, yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Miaka ile ilikuwa na utamu wake. Majiko yaliwashwa pamoja uani, na aliyeishiwa unga hakulala njaa. Redio ya Lameck iliwekwa dirishani ili wote wasikie. Watoto waliozaliwa vyumbani mle walimwita Nyamizi bibi, naye aliitika kwa moyo wote.

Kisha watu wakajenga kwao, wakahama mmoja mmoja. Lameck peke yake hakuhama. Ua ukapoa. Tajiri mmoja akataka kuinunua nyumba aifanye ghala. Nyamizi, sasa mgonjwa wa kitandani, akakataa, akawaita wale watatu.

"Nataka mmoja wenu airithi. Nyumba ya watatu bati likivuja, kila mtu humngoja mwenzake."

Chausiku akasema, "Bila mimi, lisingewekwa hata tofali moja. Niliangukiwa na kwangu ili kwako kusimame. Mpaka leo sina mlango wangu mwenyewe."

Maganga akasema, "Bila mimi, matofali yangeota nyasi. Ujira ulinilipa, Bi Nyamizi, sikatai. Mguu je, ulinilipa?"

Lameck akasema, "Bila mimi, mvua ingezila kuta. Nililipa kodi ya anga. Na wote walipohama, nani alibaki akikuchotea maji, mama?"

"Ulibaki kwa kuwa kodi ilikuwa rahisi," akasema Chausiku.

"Na wewe ulirudishiwa fedha zako," akajibu Lameck.

"Nyamazeni," Nyamizi akasema taratibu. "Hamkuwa mkisemezana hivi uani kwangu."

Wakainamisha vichwa. Akawatazama mmoja mmoja, akawaona walivyokuwa enzi zile: shoga mwenye cheko, fundi mwenye miguu miwili mizima, kijana mwenye kofia ya reli. Machozi yakamtoka. Kila alipotaka kutaja jina moja, mawili yaliyobaki yalimzuia.

Mjumbe wa mtaa amekwisha keti ukumbini na mashahidi, wanangoja jina moja tu. Nanyi mnaosikiliza, mngekuwa pale kitandani mngemnong'oneza nini Bi Nyamizi? Aliyetoa zamu yake, aliyetoa mguu wake, au aliyelipia chumba kisicho na paa akabaki hadi mwisho: je, nani alistahili?