Mbuzi Huyu au Mbuzi Hii

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, palikuwa na mwalimu mjini Tanga aitwaye Sikudhani. Alifundisha vijana usanifu wa picha kwa kompyuta: nembo, mabango, maboksi, vitu ambavyo nyinyi mnavitupa jalalani bila kujiuliza nani aliumiza macho kuvichora.

Mwalimu Sikudhani alikuwa na wanafunzi watatu aliowapenda sawasawa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Chausiku alikuwa mtoto wa Pangani. Masunga alitoka Shinyanga. Elinami aliteremka kutoka milima ya Upare. Aliwaandaa kwa mashindano ya dunia ya stadi za ufundi, yale ambamo kijana hupewa kazi, saa ikaanza kwenda, na hakuna kuuliza wala kusaidiwa. Nchi nzima ilikuwa na nafasi moja tu ya usanifu. Tena mashindano hayo hayampokei aliyezidi umri, na kwa wote watatu mwaka ule ulikuwa wa mwisho. Atakayebaki, amebaki. Mwalimu alilijua hilo, na lilimnyima raha.

Siku moja Bi Mwanamkasi wa Pangani, mwenye karakana ya useremala, akatuma ujumbe. Alitaka boksi la kufungia bidhaa yake aipeleke kwenye maonyesho, na juu yake pasomeke "Mbuzi Bora". Mwalimu akafurahi kupata mteja wa kweli wa kuwajaribia vijana wake. Akaandika ubaoni: Boksi la Mbuzi Bora. Akawasha saa, akatangaza kama majaji wanavyotangaza, kwamba kuanzia hapo hakuna maswali.

Nyinyi mmeshaanza kucheka, maana mnajua mbuzi ni wawili. Yuko mbuzi alaye majani, na iko mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma na meno. Ukisema "mbuzi mzuri" au "mbuzi nzuri", mtu atakuelewa. Lakini neno "bora" halibagui. Linakaa vilevile kwa mnyama na kwa kigoda. Mwalimu Sikudhani, aliyelelewa kwa wali wa nazi, hakuliona shimo hilo.

Chausiku hakujiuliza. Kwao mbuzi za Bi Mwanamkasi ziko kila jiko. Akachora kigoda, akachora ulimi, akachora jino moja moja, hata ukitazama unasikia nazi ikikunwa.

Masunga naye hakujiuliza. Kwao mbuzi ni mbuzi. Akaziba masikio kwa muziki wake, akachora beberu mwenye ndevu na jicho la kejeli, beberu anayekutazama kama anayejua ulichokificha nyumbani.

Elinami ndiye aliyejiuliza. Akanyoosha mkono, Mwalimu akajifanya hamwoni. Akasimama.

"Mwalimu, mbuzi huyu au mbuzi hii?"

Mwalimu akageukia ubao, akayasoma maneno yake mwenyewe, uso ukamshuka. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni hii. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, akamkata Elinami alama. Masunga hakusikia kitu, alikuwa akitingisha kichwa. Elinami akasanifu boksi sahihi, mistari imenyooka, rangi zimekaa, kila kitu mahali pake, na Mungu anisamehe, lilitia usingizi.

Kazi zikaenda kwa mpiga chapa. Hapo Chausiku akaumbuka. Alikuwa ameusukuma mchoro wake hadi ukingoni bila kuacha nafasi ya kukatia, na mashine ya kukata karatasi haina huruma. Ikapita na meno yote. Bi Mwanamkasi akalishika boksi la mbuzi kibogoyo, akauliza kama hiyo ni ya kukunia nazi au ya kukunia uji. Akalishika la Elinami, akapiga mwayo, akalirudisha mezani. Akalishika la Masunga, akamtazama beberu, beberu akamtazama, na bibi yule akacheka hadi akatafuta pa kukaa. Lakini akalirudisha nalo. Kigoda hakiuzwi kwa picha ya mnyama, alisema, wateja watamuuliza kinakula nini.

Maonyesho yalikuwa kesho yake. Elinami hakuomba ruhusa kwa mtu. Akamchukua beberu wa Masunga, akamketisha juu ya kigoda cha Chausiku, akayarudisha meno, akaacha nafasi ya kukatia, akapeleka kuchapwa. Beberu huyo, amekaa kitako, anakuna nazi kwa madaha! Watu wakajaa mezani kwa Bi Mwanamkasi, na miongoni mwao alikuwamo mama mmoja wa kamati ya mashindano. Papo hapo akampigia Mwalimu simu: nafasi ni ya aliyesanifu boksi lile. Atajiwe jina moja, anasubiri.

Mwalimu akaiziba simu kwa kiganja, akawageukia vijana wake.

"Mcheza kwao hutunzwa," akasema Chausiku. "Bila mimi beberu angekalia nini? Kuacha nafasi ya kukatia utanifundisha leo hii, Mwalimu. Kuyajua mambo ya watu hakufundishwi darasani."

"Na mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Masunga. "Watu hawakujaa kutazama meno. Walimfuata beberu wangu. Tena ningeuliza, asingezaliwa."

"Kuuliza si ujinga," akasema Elinami. "Nyinyi mlikuwa na vipande, mimi ndiye niliyekuwa na boksi."

Masunga akamkumbusha kwamba beberu alichukuliwa bila hodi, na huko duniani anayegusa kazi ya mwenzake hutolewa ukumbini. Chausiku akaongeza kwamba hata anayeuliza haachwi salama. Elinami akawajibu kwamba huko duniani hakuna atakayewarudishia meno, wala atakayewaambia kwamba wamechora mnyama.

Mwalimu aliwatazama wote watatu, machozi yakamlengalenga. Kila mmoja alikuwa amesema kweli. Simu ikawa inamwita chini ya kiganja: Mwalimu, upo? Jina ni nani?

Haya, nyinyi mliocheka tangu mwanzo, simu naiweka mikononi mwenu. Mtaje mmoja, na wale wawili mtawatazama usoni wenyewe. Aliyejua, aliyekosea vizuri, na aliyeuliza: je, nani alistahili?