Kanga Mdomoni mwa Mlizamu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana waliomo humu bado wanapita sokoni na kunisalimu, palikuwa na mji wa mawe. Katika mji huo palikuwa na mtaa ukiitwa Tanuuni, na mtaani humo nyumba moja ya kale, ukuta wake mnene kuliko urefu wa mkono wangu, na sebuleni zidaka arubaini na mbili za kuwekea vyombo vya kichina. Nilizihesabu mwenyewe siku ya hitima, wenzangu walipokuwa wanasoma.

Mji ule ulikuwa na sheria yake. Nyumba ya kale haivunjwi. Haiongezwi ghorofa. Haipakwi saruji, kwa sababu ukuta wa mawe na chokaa hupumua, na saruji huuziba kama mtu aliyefunikwa godoro. Hugusi hata jiwe bila kibali cha ofisi. Na magofu yaliyo nje ya mji nayo ni hivyo hivyo: kilicholala kilale, mtu asiondoke na kokoto.

Lakini sheria ilikuwa na tundu, na tundu halikosi panya. Nyumba iliyosimama huibomoi, sawa. Je, ikianguka yenyewe? Ikianguka yenyewe ni kiwanja, na kiwanja unajenga utakacho. Basi nyumba za mji ule zikaanza kuanguka zenyewe, hii leo, ile kesho, mpaka wenye mji wakashtuka wakaongeza kifungu. Kifungu kilisema: mwenye nyumba akiiangusha kwa hila, atanyang'anywa, na ulezi wa nyumba atapewa yule aliyeizuia isianguke. Ataishi humo yeye na wanawe, hauzi, habadili. Na atakuwa mtu mmoja tu. Hapo wenye mji walikuwa na akili. Nyumba ya ndugu saba, kila mmoja humngoja mwenziwe apande kuziba ufa, mpaka ufa unakuwa mlango.

Sasa nyumba ya Tanuuni ilikuwa ya Mbaruku wa Sefu, mtu wa udi na kanzu ya pasi, safu ya kwanza msikitini. Mwenyewe akikaa nyumba mpya ya bati, upande wa pili wa mji. Alitaka pale Tanuuni ghorofa nne, chini duka la simu. Nyumba ikamkatalia, haikuwa na hata ufa. Basi kila mwaka kabla ya masika alipanda darini, akakunja kitambaa, akakisokomeza mdomoni mwa mlizamu, ule mfereji wa kutolea maji ya mvua juu ya nyumba. Mvua inyeshe, maji yasitoke, yazame taratibu, boriti zioze. Hakuna nyundo, hakuna kelele.

Chini ya nyumba ile alikaa Bi Shufaa, mjane, mpika mahamri. Mwaka wa kwanza tu alimkuta Mbaruku anashuka ngazi, mikono ina vumbi.

Mbaruku akamwambia, "Shufaa, mimi sioni unapokaa. Nawe usione ninapopanda."

Maana yake, kaa bila kodi, funga mdomo. Bi Shufaa akafunga mdomo. Lakini masika yalipokuja maji yakamdondokea kwenye unga. Akapanda, akakiona kitambaa. Akawaza: nikikitoa atajua ni mimi, atanifukuza. Nisipokitoa, dari itanishukia. Basi hakukitoa wala hakusema. Alichukua ndoo. Mvua ikinyesha anapanda, anachota, anamwaga uchochoroni. Majirani tukidhani anafua. Nikasema, mjane huyu ana nguo ngapi. Masika tisa, ndoo kwa ndoo. Na moshi wa jiko lake kila alfajiri ukipanda kwenye boriti, na mchwa hawali boriti yenye moshi.

Mwaka wa kumi binti yake akajifungua mji wa mbali. Bi Shufaa akaenda kumlea mzazi siku arubaini. Na masika yale hayakungoja mtu. Maji yakasimama darini mpaka kifundo cha mguu, boriti mbili zikapasuka, pembe ya ukuta wa juu ikashuka uchochoroni. Pakabaki tundu la kupita punda.

Na punda akapita kweli, chini uchochoroni, punda wa Fundi Lali, amebeba mchanga. Fundi Lali ni wa ukoo wa waashi, baba na babu. Akatazama juu, akasema, "Wiki tatu. Haimalizi wiki ya nne."

Akaenda ofisini kuomba kibali. Wakamwambia lete fomu. Akaleta fomu. Wakamwambia lete picha. Akaleta picha. Wakamwambia ngoja kikao. Kikao ni mwezi wa nane, na mvua iko nje ya dirisha. Fundi Lali akasema ahsante, akatoka. Ijumaa ile, maofisa na sisi wengine tukiwa kwenye hutuba, yeye alikuwa juu ya ukuta. Na Ijumaa iliyofuata. Yeye na Mola wake watajuana. Alitia boriti zake mwenyewe, alizoweka miaka mingi ajenge kwake, kwa sababu waashi wa nyumba za mawe wote hulala kwenye makuti. Alitia chokaa yake, iliyolala shimoni miezi sita ikaiva kama samli. Kasoro mawe. Mawe hayachimbwi tena. Basi akaenda magofuni, kwenye ukuta wa msikiti wa kale usio na paa, akarudi na mawe kumi na manane mgongoni mwa punda. Kitambaa alichokikuta mdomoni mwa mlizamu alikitupa darini, na Mbaruku akapanda akakisokomeza tena.

Wa tatu ni Bi Mwanate, mkewe Mbaruku. Huyu nyumba ile hakuwahi hata kuikanyaga. Alikuwa na doti ya kanga ya harusi yake, imeandikwa NITUNZE NIKUTUNZE. Mwaka ule, miezi miwili kabla ya masika, akafungua sanduku, kipande kimoja hakipo. Mumewe alikuwa ameoa bibi mdogo mtaa wa jirani. Mwanamke gani asingewaza alivyowaza? Siku tatu akapita mbele ya kamba ya nguo ya mwenziwe, akitazama kinachoanikwa. Kanga haipo. Akaambiwa, na sitasema na nani, kwamba Mbaruku anaonekana akiingia nyumba ya Tanuuni mchana. Akasema, kumbe hukutana huko. Akaenda, akapanda mpaka darini. Hakumkuta mwanamke. Aliikuta kanga yake mdomoni mwa mlizamu.

Akarudi nyumbani akamwambia mumewe, "Mwache yule, nami sikuona kitu."

Mbaruku akasema atafikiri. Akafikiri mwezi. Akafikiri miwili. Masika yakaja, pembe ikaanguka, Fundi akaijenga, Mbaruku bado anafikiri. Mwezi wa nne wa kufikiri kwake, Bi Mwanate akajifunga buibui akaenda ofisini, akasema kila kitu. Mbaruku akamwacha siku ile ile, barazani, mbele ya muuza ukwaju. Bi Mwanate akahamia kwa kaka yake, akalala nyuma ya jiko la wifi.

Ofisi ilikuwa ya Bibi Zamzam, binti wa miwani, msomi, mwenye adabu. Akaja, akapanda, akapiga picha. Watu wakamwambia, ng'oa basi hiyo kanga. Akasema, "Ni ushahidi, haiguswi." Mbaruku akanyang'anywa nyumba. Bi Shufaa akatolewa na jiko lake, akahamia kibandani kwa shoga yake. Mlango ukafungwa kwa ufunguo wa chuma mrefu kama mwiko, na tangazo likabandikwa: asiingie mtu mpaka apatikane mlezi.

Siku ya kusikilizwa ilikuwa mwanzo wa vuli. Walikaa kwenye daka, pale kibarazani mbele ya mlango mkubwa, nami nilipeleka kigoda changu mapema.

Bi Shufaa akasema, "Mimi ndiye niliyeizuia isianguke. Miaka tisa. Huyu fundi ameijua nyumba kwa Ijumaa mbili. Huyu mwenzangu ameijua kwa kanga. Mimi nimeyabeba maji yake kichwani. Nilipoondoka siku arubaini tu, ikaanguka pembe. Mnataka ushahidi gani tena?"

Bibi Zamzam akamwuliza, "Shikamoo, Bi Shufaa. Mwaka wa kwanza ulimwona?"

"Marahaba, mwanangu. Nilimwona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningelala wapi?"

"Ungesema, nyumba isingeoza."

Bi Shufaa akasema, "Nawe ungepanda na ndoo?"

Watu wakacheka. Bibi Zamzam akaandika.

Fundi Lali akasimama, kofia mkononi. "Mimi ndiye niliyeizuia isianguke. Ndoo huondoa maji, haisimamishi ukuta. Maneno ya ofisini nayo hayasimamishi ukuta. Piga hodi hapo kwenye pembe, mwanangu, usikie inavyoitika. Ni boriti zangu. Wanangu sita wanavujiwa kwa sababu boriti zao ziko humo."

Bibi Zamzam akamwuliza, "Shikamoo, Fundi. Kibali?"

"Marahaba. Kibali kiko kwako, mezani, chini ya chai."

Hapo tulicheka mpaka na yeye binti akatazama pembeni. Akauliza tena, "Na mawe kumi na manane?"

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu mapengo kule magofuni. Ukuta ule ulikuwa na matao mawili, sasa una moja na nusu. Watu waliujenga kabla hatujazaliwa sisi wala babu zetu. Sheria inayoilinda nyumba hii ndiyo inayoulinda ule, Fundi."

Fundi Lali akaigeuza kofia yake. "Ule ulikuwa umeshalala. Huu ulikuwa bado unapumua. Mgonjwa na maiti wanagombea shuka moja, wewe ungemfunika nani?"

"Na kesho akija mwingine na punda wake, akiwa na mgonjwa wake?"

Fundi akaivaa kofia, akaketi.

Bi Mwanate hakusimama. Alisema kutoka kwenye kizingiti, buibui limemfunika mpaka kidevuni. "Mimi ndiye niliyeizuia isianguke. Wao walimficha mwizi. Huyu alimficha kwa kukaa bure. Huyu aliziba alichovunja mwizi, mwizi akarudi kupanga upya. Ndoo na boriti zingechoka kabla ya Mbaruku. Nilipofungua mdomo ndipo mkono wake ulipokatika. Wao walitoa jasho. Mimi nimetoa ndoa."

Bi Shufaa akasema chini chini, lakini mimi nilikuwa karibu, "Ndoa yenyewe ilikuwa imeshatoka."

"Nimekusikia, Shufaa."

"Nilitaka usikie."

Bibi Zamzam akauliza, "Bi Mwanate, kanga uliiona kabla ya masika?"

"Kabla."

"Pembe ilianguka umeshajua?"

"Nimeshajua."

"Na Bwana Mbaruku angemwacha yule mwanamke?"

Nilidhani atasema uongo. Ni mahali pazuri pa kusema uongo, nami ningemsaidia. Akasema, "Ningenyamaza. Nyumba ingeanguka, nami ningekuwa na mume."

Hata muuza ukwaju alishusha kapu lake.

Maneno yakaanza mtaani. Wauza mahamri wote walikuwa kwa Bi Shufaa, waashi wote kwa Fundi, na wake wenye wake wenza, nisiwataje, kwa Bi Mwanate. Mmoja akasema wagawane: Shufaa chini, Mwanate juu, Fundi uani. Bibi Zamzam akafungua kitabu, akawasomea: mtu mmoja tu. Mwingine akasema basi asipewe yeyote, ikae ofisini. Bibi Zamzam akawaonyesha nyumba tatu za mtaani zilizokaa ofisini. Moja imeota mpapai sebuleni.

Akaulizwa, "Sasa?"

Akasema, "Sasa nafikiri."

Bi Mwanate akasema, "Neno hilo nimelisikia miezi minne."

Ndipo tone la kwanza likaanguka kwenye kitabu cha sheria. La pili kwenye miwani. Kisha vuli ikashuka yote kwa pamoja, na sisi tukabanana dakani na vigoda vyetu, mbele ya mlango. Baada ya kitambo kila mtu alisikia. Uchochoroni kila mlizamu wa mtaa unamwaga. Wa nyumba hii kimya. Kanga ya ushahidi ilikuwa bado mdomoni, na maji yalikuwa yanapanda juu ya vichwa vyetu.

Fundi Lali akaweka sikio ukutani. Akasema, "Chokaa ya pembe haijakaa mwaka. Haiwezi kubeba maji haya mpaka magharibi. Nipe ufunguo niweke nguzo."

Bi Shufaa alikuwa ameshika ndoo. Sijui aliitoa wapi, nadhani alikuja nayo. Akasema, "Najua ngazi ipi imeoza. Nipe."

Bi Mwanate akafunua uso. "Kanga ni yangu. Nipe nikaichomoe."

Bibi Zamzam akasimama katikati yao, ufunguo mkononi. Tangazo linasema asiingie ila mlezi, hata yeye wa ofisi, basi atakayemfungulia ndiye mlezi, yeye na wanawe na wana wa wanawe. Akimfungulia wa ndoo, amemlipa mwenye siri. Akimfungulia wa boriti, kila mwenye punda ataelekea magofuni. Akimfungulia wa kanga, amemzawadia aliyetaka kuiuza nyumba kwa bei ya mume, akakosa mnunuzi. Akiwaacha nje wote watatu, nyumba inaanguka, na kifungu kinanyang'anya nyumba, si kiwanja: kesho Mbaruku anakuja kukipima.

Nilikuwapo, niliona mkono uliopokea. Lakini nikiwatajia mtaacha kugombana, na mimi nimekuja kuwasikia mkigombana. Haya, ufunguo mmoja, mikono mitatu imenyooshwa, na maji hayangoji kikao. Ungekuwa wewe umeushika, ungemfungulia nani?