Mama Juu ya Jalada

Hadithi njoo, ila msinicheke sauti ikinikauka!

Siwema alifiwa na mama. Shule ilipofunguliwa, wenzake walifunika madaftari yao kwa karatasi ya kaki, wakachora maua na majogoo. Yeye alitaka kumchora mamake, lakini sura ilikuwa imeanza kumpotea. Akakaa kando ya kisima, analia. Zimwi likatoka kisimani, likampa kipande cha mkaa.

"Mchore. Atakaa nawe mpaka daftari lijae."

Siwema akachora. Mama akafumbua macho pale juu ya jalada, akaita, "Siwema wangu!"

Basi daftari lisijae! Jumatatu aliandika somo, jioni akalifuta. Jumanne akaandika, akafuta. Jumatano akaandika, akafuta, na karatasi ikatoboka.

"Mwanangu, leo umesoma nini?" mama akauliza.

"Sijui, mama. Nimefuta."

Mama akasema, "Sikurudi ili uwe mjinga. Andika, na usifute tena."

Siwema akaandika siku baada ya siku, herufi ndogo kama sisimizi, hadi ukurasa wa mwisho. Hapo mama akamtajia, naye akaandika: namna ya kuunga mchuzi, namna ya kusuka nywele, wimbo wa kumbembeleza mtoto. Akaweka nukta, akaligeuza daftari amwonyeshe.

Juu ya jalada palikuwa na jina la Siwema tu, na darasa.

Nami nimeishia hapo. Mwenye mama nyumbani na aende akamwamkie.