Jina la Mtoto wa Faki

Hapo zamani, ukame ulipokausha mpaka mate ya watu vinywani, Faki alishuka kuchimba kisima, na kisima kikataka kumla. Mchanga ulimfukia hadi kifuani, na ukuta ukawa bado unamwagika. Mkewe Mize, mja mzito, alisimama juu akipiga yowe.

Wakaja majirani watatu. Kombo akashuka kufukua, Shaame akashika kamba ya ndoo, mzee Mcha akakaa ukingoni atie wimbo. Mwanzo, jamani, balaa tupu! Shaame anavuta, Kombo hajajaza; Kombo amejaza, Shaame havuti. Ndoo ikagonga ukuta, mchanga ukamfika Faki shingoni.

"Mnamuua mume wangu!" Mize akalia.

"Nyamaza, mwanangu," akasema Mcha. "Wala usitaje jina la mtu. Kisimani, anayeitwa hugeuka, na akigeuka kazi hukatika."

Akaimba polepole. Jaza, vuta, mwaga. Jaza, vuta, mwaga. Mara wakawa hawaagizani tena, wala hawangojani; ndoo ilifika kabla mkono haujanyooshwa. Huko chini Faki akakoroma, mchanga mdomoni. Jina lake likampanda Mize kooni. Aliogopa, wallahi aliogopa! Akaing'ata leso mpaka fizi zikatoka damu, na hakuita.

Faki akatoka hai. Mize alipojifungua mtoto wa kiume, Faki akaapa kumpa jina la aliyemwokoa. Na kwao, jina lisilo la haki humkataa mtoto, akaugua mpaka apewe lililo la haki. Wakamwita Kombo. Siku ile ile mtoto akashikwa na homa, akakataa kunyonya. Mize akawaita wote.

"Mimi ndiye niliyeingia kaburini," akasema Kombo.

"Na nani aliyekutoa?" akasema Shaame. "Niliwavuta nyote wawili."

"Kabla sijaimba mlikuwa mnamzika," akasema Mcha.

Faki akamtazama mkewe. "Na huyu je? Angeniita, ningekufa."

"Niambieni," akasema Mize. "Kule kisimani, mlipoanza kwenda pamoja, nani alimfuata nani?"

Kombo alidhani alimfuata Shaame. Shaame alidhani alimfuata Mcha. Mcha alidhani wimbo wake uliifuata ndoo.

Mtoto anaungua mapajani mwa mamake, na kulia hawezi tena. Haya, nyinyi mabingwa wa kusema, semeni upesi: je, nani alistahili? Mize amwite nani mwanawe?